Mota Iliyokwisha Kujazwa

Jioni ile nilikwenda kuchukua ufunguo wa stoo, basi. Ukisikia watu wanasema nilikwenda kutafuta ugomvi na wafu, waambie fundi pampu mwenyewe amesema alikwenda kuchukua ufunguo.

Mota ya kisima cha zahanati ilikuwa imeungua asubuhi. Mimi na dereva wa gari la wagonjwa, tunayemwita Breki kwa sababu hajawahi kuzitumia, tulishinda juani tukiivuta kwa winchi, bomba baada ya bomba, mpaka pampu nzima na mota yake ikalala juu ya matofali. Sasa jua lilikuwa linazama, na tangi limebaki na tope. Ndani ya wodi ya wazazi alikuwamo mdogo wangu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga alikuja mpaka kisimani kuniambia, bila kupindisha maneno, kwamba daktari hawezi kumpasua bila maji, na kwamba kusubiri hadi kesho ni kuwapoteza wote wawili.

Kwa hiyo mota ya akiba ilikuwa lazima iingie kisimani leo.

Hakuna aliyetaka iingie. Fundi wa kwanza wa kisima kile aliteremsha mota, na wiki hiyo hiyo akafa. Baba yangu akarithi spana zake. Mota ilipochoka, baba akateremsha nyingine, akarudi nyumbani, akala, akalala, hakuamka. Hakuwa na homa wala jeraha. Watu wakaanza kusema kisima kinataka fundi mmoja kwa kila mota. Mimi nikarithi spana, na miaka mitatu nimekuwa nikiwacheka watu hao, kicheko cha hasira.

Ufunguo ulikuwa kwa mtunza stoo, Babu Funguo. Mzee mpole, sauti ya chini, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Tangu baba afariki, kila nikitaka kuingia stoo kuikagua ile mota ya akiba, alikuwa na sababu. Leo ufunguo kausahau, kesho kufuli limeshika kutu. Nilimwamkia, akaitikia, nikajiandaa kusikia sababu nyingine. Alinipa ufunguo kabla sijauomba.

"Iko tayari, mjukuu wangu," akaninong'oneza. "Nimeshaijaza. Usiifungue, utapoteza muda bure."

Nilishukuru, nikaondoka. Nilikuwa nimefika mlangoni mwa stoo ndipo neno lile likanirudia.

Nimeshaijaza...

Mota za kuzamisha huwa na maji ndani yake, maji safi, yanayozipoza zikifanya kazi. Mota ikikaa stoo, kila mwezi fundi huifungua, huyaangalia maji, na kuizungusha shafti, kile chuma cha katikati, kwa mkono ili isigande. Siku ya kuiteremsha huijaza upya kwa mkono wake. Hakuna mwingine anayeigusa kazi hiyo. Baba alinifundisha hivyo, na mwenyewe aliikosea mara moja tu. Siku yake ya mwisho Babu Funguo alimwambia ameshamjazia, na baba akaona haya kumkagua mzee mbele za watu. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyemshikia spana.

Nikafungua stoo.

Mota ilikuwa imesimama pembeni ndani ya sanduku lake la mbao. Baada ya miaka mitatu bila kuguswa, shafti ilipaswa kuwa imeganda. Niliishika.

Ikazunguka. Laini. Na ilikuwa na joto, kama kitu kilichoachiwa na mkono wa mtu sasa hivi.

Nilimwita Breki tukaibeba mpaka kisimani. Nilipochukua bisibisi nikaona vidole vya miguu vya mzee pembeni yangu. Sikumsikia akija.

"Nimekwambia usifungue," akasema polepole.

"Shikamoo yako nimeshakupa, babu," nikamjibu. "Mota nitaifungua."

Skrubu ikatoka. Maji yakatoka nyuma yake... meusi. Yalinuka nguo iliyosahaulika ndani ya beseni, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na jasho. Jasho langu. Mtu huijua harufu ya kwapa lake. Nikaingiza waya, nikavuta, na kitambaa cha buluu chenye mafundo saba kikatoka taratibu. Ulikuwa mfuko wa ovaroli yangu, uliochanika kwenye kamba ya kuanikia wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimemtukania jirani mbuzi wake, nikidhani ndiye aliyeutafuna.

Nikageukia mota iliyoungua. Nikaifungua nayo, nikaingiza waya.

Kipande cha shati la mistari, nacho kina mafundo saba. Shati la baba, lile ambalo mama alilitafuta nyumba nzima siku ya mazishi.

Hapo ndipo kisima kikaanza.

Krrr... krrr...

Mlio wa shafti inayozungushwa kwa mkono. Kule chini hapakuwa na kitu. Pampu yote ilikuwa juu, mbele ya macho yangu.

Krrr... krrr...

"Mama..."

Baba alikuwa akiniita hivyo tangu nizaliwe, maana nilichukua sura ya mama yake.

"Mama... nimechoka kuzungusha. Nipokee..."

Niliogopa. Sitadanganya, machozi yalinitoka. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Miaka mitatu nilikuwa nimeoga maji yale, nimepikia, nimeyasifia utamu wake, na kumbe baba yangu yuko chini gizani, anayasukuma.

Nikalipeleka lile shati mdomoni, nikafungua mafundo kwa meno, moja baada ya jingine, yote saba.

"Pumzika, baba," nikasema ndani ya kisima. "Sikupokei. Hakuna mtu atakayezungusha tena hapa. Kazi hii ni ya umeme."

Krrr...

Kimya. Kisha pumzi moja ndefu ikapanda juu, ikanipita shavuni na harufu ya mafuta ya mashine aliyokuwa akirudi nayo nyumbani. Ikaenda.

Breki alinipa kiberiti, tukavichoma vitambaa vyote viwili. Nikaisuuza mota ya akiba na kuijaza maji safi kutoka chupa za kunywa alizokuwa nazo garini. Babu Funguo alisimama tu akitazama. Nilipoanza kuifunga kwenye pampu akapiga magoti.

"Usiiteremshe hivyo," akanong'ona. "Na mimi nilirithishwa tu kazi hii. Ikikosa fundi, itamtafuta mwenye ufunguo."

"Basi kaongee nayo wewe," nikamwambia, na nikautupa ufunguo wake miguuni pake.

Tuliteremsha bomba baada ya bomba, sikugeuka nyuma. Giza lilikuwa limeshaingia nilipobonyeza swichi.

Hakuna kitu.

Nikahesabu pumzi zangu. Nikamfikiria mdogo wangu kwenye kile kitanda. Nikajiuliza kama nimemuua kwa kiburi changu.

Ndipo mota ikavuma, bomba likatikisika, maji yakaja mekundu, kisha meupe. Mkunga akapiga vigelegele dirishani, ndoo tayari mkononi. Mtoto alitoka mzima, wa kike, na mama yake mzima. Nililia mpaka Breki akaanza kunicheka.

Mzee hakuonekana tena. Asubuhi nililikuta rundo la funguo zake juu ya mfuniko wa kisima. Zilikuwa zimelowa, na mfuniko wenyewe ulikuwa mkavu.

Mota mpya ya akiba sasa inakaa kwangu, sebuleni, kando ya kabati la vyombo. Naifungua kila mwezi. Mgeni akiicheka, simpi chai.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika mchana kutwa, na tangi lilikuwa limekauka. Jioni nilikuwa zahanati, namwogesha mtoto wa mdogo wangu kwa maji ya ndoo. Bomba lililokuwa wazi likaanza kutiririka.

Krrr... krrr...

Nilimpa mama yake mtoto, nikachukua spana, nikaenda nikaugonga mfuniko mara tatu.

"Babu," nikasema, "umeme haupo. Acha."

Mlio ukakoma. Kisha, kutoka chini kabisa, sauti ile ya upole:

"Nipokee, mjukuu wangu..."

"Sikupokei."

Nikakaza nati zote nne za mfuniko mpaka mkono ukauma, nikarudi kumalizia kumwogesha mtoto kwa ndoo. Maji yale ya bombani niliyamwaga. Ovaroli zangu siku hizi naanika ndani, mlango nimeufunga. Na nguo za mtoto pia.