Sauti Chini ya Cherehani

Duka la kompyuta lilijaa pomoni Jumamosi ile. Kwenye foleni alisimama binti mwenye gauni la njano, mhariri wa video za harusi, kompyuta yake ya zamani kaipakata kama mtoto mwenye homa.

"Dada, mgonjwa tumlaze wapi?" fundi wa duka alimuuliza, shati jeupe limekunjwa mikono, tabasamu la kuudhi.

"Halazwi. Nanunua mpya. Hii programu mpya ya kuhariri imeikataa katakata."

"Basi wewe ni bosi. Karibu, bosi."

Kompyuta mpya iliagizwa, ikachukua mwezi. Mwezi huo walipigiana simu mpaka masikio yakapata moto, na "bosi" likawa "bosi wangu", kisha "mpenzi".

Ilipofika, fundi alikuja nyumbani. Alihamisha kazi zote, akaifuta ile ya zamani kama anavyofanya kwa kila mteja, akaweka programu mpya, kisha akawahi kwa mteja mwingine. Binti akafungua kazi moja kabla ya zote: dakika nne za baba yake, fundi cherehani, alizozirekodi kabla upasuaji wa koo haujamwondolea sauti. Rekodi nyingine haikuwepo. Kioo chote kikawa chekundu: video hazipatikani.

Akapiga simu.

"Umemfuta baba yangu!"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi! Na ile ya zamani umeifuta!"

"Bosi wangu, nilihamisha kila ki..."

Akakata. Fundi alipiga tena mara kumi na moja, hakupokelewa. Binti alilia siku tatu, na nusu ya kilio ilikuwa kwa ajili ya fundi, ila hilo hakulikiri.

Baba ndiye aliyechoka. Akamwandikia fundi ujumbe: "Njoo. Binti yangu hali wala hacheki."

Fundi akaja, akasalimu, akakaa mbele ya kompyuta bila kujitetea.

"Programu inazitafuta mahali zilipokuwa kwenye kompyuta ya zamani," alisema. "Kama tarishi anayebisha hodi nyumba uliyohama. Tuielekeze tu."

Akachagua folda mpya. Wekundu ukafutika, kipande kwa kipande.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikata simu, bosi."

Baba akatokea kiooni, kainamia cherehani, midomo inacheza. Kama siku zote, kelele za cherehani zilimeza maneno yake.

"Subiri," fundi alisema. "Hii programu mpya inatenganisha sauti."

Akabofya mara moja. Cherehani ikanyamaza. Sindano iliendelea kupanda na kushuka kimya kimya, na sauti ikaja, nzito, ya karibu, kana kwamba mtu anaongea mle chumbani:

"Weka hiyo kamera, mwanangu, uje unitungie uzi. Macho yangu siku hizi hayanitii." Kisha kicheko.

Vinyweleo vikamsimama binti. Nyuma yake baba alikuwa ameshika koo, midomo yake ikifuata maneno yake mwenyewe, machozi yanamtiririka. Akainua kidole: rudia. Wakarudia mara saba, na kila mara binti alistaajabu upya.

"Nisamehe," alimwambia fundi.

"Nilikusamehe tangu simu ya tatu." Fundi akamgeukia baba. "Mzee, nilipanga kulisema hili kwa utaratibu, lakini leo nimeshindwa. Nataka kumuoa binti yako."

Baba akamtazama kuanzia mabegani hadi miguuni. Akachukua utepe wa kupimia mezani, akamshika fundi mabega, akamgeuza, akaanza kumpima suti.

"Baba! Mimi hata sijaulizwa!"

Baba akasimamisha utepe katikati ya mgongo, akamwinulia binti yake nyusi.

"Haya, mpime," binti alisema. "Mikono iwe mirefu kidogo."