Mashua Ilipoteremka Kilima

Asubuhi ile uwanja wa Idi Assumani ulijaa watu. Jirani huyu anaingia, yule anatoka. Kila aliyeingia aliipapasa mashua mpya kwa kiganja, kama mtu anayepapasa shavu la mtoto mchanga.

Ilikuwa mwaka 1963, katika mji wa Albertville, ambao leo tunauita Kalemie. Idi na mke wake Mwavita walikaa juu ya kilima. Huko uwanja ulikuwa mpana, na huko Idi alijenga mashua yake kwa miezi minane. Mwavita mwenyewe alishindilia pamba na lami katikati ya mbao, mpaka vidole vikawa vyeusi. Sasa kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kuiteremsha ziwani.

"Baba Zabibu, leo mashua inaoga!" Mwavita alisema akicheka.

"Inaoga, na wiki hii inatuletea ndagala!" Idi akajibu, akiwaza wale samaki wadogo wa ziwani.

Idi alikuwa na kamionete ya zamani, ambayo alibebea samaki kwenda sokoni. Nyuma yake alifunga remorki, tela la kukokotwa, aliyoazima kwa fundi mmoja wa mjini. Wanaume kumi na wawili wakainua mashua, wakaipandisha juu ya remorki huku wakiimba.

"Mashine ya mashua na nyavu tuweke wapi?" mmoja akauliza.

"Nyuma kabisa, pamoja na dramu ya esansi ya kuendeshea mashine," Idi akasema. "Pua ya mashua iinuke, watu waione vizuri!"

Mwavita alikumbuka jambo. "Na freni ya gari? Juzi ulisema ukikanyaga pedali inazama."

"Nimeshaongeza mafuta. Nilikuwa na mafuta ya moteri kidogo, nikatia hayo."

"Ni mafuta ya freni hayo?"

"Mama Zabibu, mafuta ni mafuta! Panda, twende."

Mwavita akapanda. Furaha ilikuwa imemjaa kifuani, hakutaka kubishana. Wanawake wakapiga vigelegele, na gari likaondoka.

Hawakufika mbali. Njia ilipoanza kuinama kidogo tu, Mwavita alisikia remorki ikivuta gari kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Ilitikisika kama mkia wa mbwa.

"Punguza mwendo!"

Idi akakanyaga freni. Pedali ikazama mpaka chini, gari halikupunguza kitu. Akakanyaga tena, ikawa vilevile. Akavuta freni ya mkono. Waya wake ulikuwa umelegea, haukushika. Mbele yao, kando ya njia, jirani yao Mama Célestine alikuwa ameinama akianika mihogo.

"Toka! Mama, toka!" Mwavita alipiga kelele kwa nguvu zake zote.

Idi akakata usukani, akalipandisha gari kwenye ukingo wa udongo. Kamionete ikagonga, ikaruka, ikasimama. Mashua ikateleza juu ya remorki kwa kishindo, na ubao mmoja ukapasuka. Vumbi lilipotulia, Mama Célestine alikuwa ameinuka, amesimama palepale, ungo mkononi. Gurudumu lilikuwa hatua tatu kutoka miguu yake.

Hakuna aliyeumia. Mwavita akashuka, akamkimbilia Mama Célestine.

"Mungu ametuhurumia," Idi akasema polepole.

"Ametuhurumia leo," Mama Célestine akamjibu. "Kesho je? Muntu hachezi na kilima, Papa Idi."

Saa sita, jirani yao Télesphore akapita akitoka kazini. Papa Télesphore alitengeneza freni za mabehewa kwenye atelye, yaani karakana, ya reli. Hakuuliza maneno mengi. Alivua koti, akajilaza chini ya gari, akapitisha kidole nyuma ya gurudumu. Kidole kikatoka kimelowa.

"Mafuta yanavuja hapa. Ulitia mafuta gani?"

Idi akamwambia.

"Aa, ndio hapo uliponoa kisu cha kujikata! Sikiliza, Papa Idi. Ndani ya freni kuna vimpira vidogo vinavyozuia mafuta yasitoke. Mafuta ya moteri yanakula vimpira hivyo. Vinavimba kama maharagwe uliyoloweka. Mafuta yakivuja, hewa inaingia kwenye mirija. Na wewe ukikanyaga, unabana hewa tu. Pedali inazama, gari inaenda."

"Kumbe pedali ilikuwa inatuambia," Mwavita akasema.

"Ilikuwa inasema kila siku, Mama. Pedali inayozama, pedali laini kama ugali wa maji, gari inayovuta upande mmoja, kelele ya chuma kwenye gurudumu: zote ni sauti za freni inayougua. Ukisikia moja, simama. Usisafiri kwanza halafu ndio utengeneze."

"Lakini gari lilipepesuka hata kabla ya freni kukataa," Idi akasema.

Télesphore akacheka kidogo. Alichukua ubao, akaulaza katikati juu ya jiwe, akaweka tofali kwenye ncha ya nyuma. Ncha ya mbele ikaruka juu.

"Unaona? Uzito ukikaa nyuma ya magurudumu, remorki inanyanyua mkia wa gari. Magurudumu ya gari hayakanyagi tena vizuri, na remorki inafanya inavyotaka. Weka uzito mwingi mbele kidogo ya magurudumu, lakini usiilemeze gari. Tena remorki hii haina freni yake. Gari moja inabeba kazi ya kusimamisha viwili! Mashine, nyavu na esansi vitakwenda safari ya pili."

Idi akainamisha kichwa. "Ndugu zangu wa Kigoma wanafika Jumamosi kuiona ikielea."

"Leo ni Jumanne. Tufanye kazi!" Télesphore akasema.

Na kweli walifanya kazi. Idi akabadilisha ubao uliopasuka. Vimpira vipya vilipatikana kwenye magazini moja, duka la vipuri karibu na stesheni ya gari la moshi, pamoja na mkebe wa mafuta ya freni wenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Kila jioni, jua likiwa bado juu, Télesphore alikuja. Aliosha pampu na mirija yote kwa pombe kali, bomba kwa bomba, akatia vile vimpira vipya. Alitoa garnitiri, zile pande ngumu zinazobana gurudumu kutoka ndani. Mbili zilikuwa zimelika mpaka karibu na chuma, na nyingine zimelowa mafuta. Wakatia mpya zote. Wakakaza waya wa freni ya mkono.

Ijumaa ilibaki kutoa hewa.

"Mama Mwavita, panda wewe," Télesphore akaita kutoka chini ya gari. "Mguu wako ni mtulivu kuliko wa Papa Idi. Kanyaga polepole. Shikilia! Usiachilie mpaka niseme!"

Mwavita akakanyaga na kushikilia. Télesphore akalegeza skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, na mafuta yakaingia kwenye chupa yakitoa mapovu. Akaikaza.

"Achilia. Tena!"

Gurudumu kwa gurudumu. Idi kazi yake ilikuwa kuongeza mafuta juu, yasiishe hewa ikarudi. Mwishowe mapovu yakakoma. Mwavita akakanyaga, na safari hii pedali ikasimama juu, ngumu kama jiwe.

"Imekataa kuzama!" akapiga kelele. "Baba Zabibu, njoo uikanyage! Imekataa!"

Jumamosi ikafika. Ndugu wa Kigoma walikuwa wanangoja ufukweni. Mashua ilipakiwa, safari hii imesogezwa mbele, imefungwa kamba mahali panne. Télesphore alitingisha ndoano ya remorki, akaangalia pini na kipini cha kuizuia isichomoke. Akapitisha minyororo miwili chini, imekingamana.

"Pini ikikatika, minyororo itashika," akasema. "Hakuna muntu kupanda juu ya remorki, hata aombe namna gani. Papa Idi, jaribu freni hapa kwenye tambarare kwanza. Na uingie vitesi ya kwanza, gia ya nguvu, kabla ya kilima, si katikati yake. Moteri ikuzuie, freni ikusaidie. Ukikandamiza freni njia nzima, zitapata moto na kuacha kushika."

Mwavita alichukua kitambaa chekundu. "Mimi ninatangulia mbali, kando ya njia. Watu wapishe."

Akateremka, moyo ukimpiga ngoma. Nyuma yake moteri ilinguruma polepole, Télesphore akitembea kando ya gari. Mashua ilikuja wima, bila kupepesuka. Watu wakatoka majumbani wakipunga mikono. Chini, ziwa liling'aa lote.

Zikabaki kama hatua mia kufika pale barabara inapokata reli. Hapo Mwavita akasikia filimbi. Gari la moshi kutoka Kabalo lilikuwa linaingia mjini!

Akageuka, akainua kitambaa kwa mikono miwili. "Simama! Simama!"

Kamionete ilikuwa bado kwenye mteremko. Nyuma yake, uzito wote wa mashua. Mwavita aliona uso wa Idi kwenye kioo, aliona bega lake likishuka akikanyaga. Vumbi dogo likapanda kwenye magurudumu. Gari likapunguza, likapunguza, likasimama. Remorki ikasimama nyuma yake, imenyooka. Idi akavuta freni ya mkono, na Télesphore akakimbia kuweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu.

Gari la moshi likapita mbele yao kwa kishindo, behewa baada ya behewa. Abiria walitoa vichwa madirishani.

"Mashua! Angalieni mashua!" walipiga kelele. "Mupate samaki mingi!"

Mwavita aliwapungia kitambaa chake huku machozi yakimtoka. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Saa nne mashua iliingia majini. Iliinama kidogo, ikajiweka sawa, ikaelea. Haikuingiza hata tone. Ufukwe mzima ulilipuka kwa vigelegele, na Idi akamshika Télesphore mkono asiuachilie.

Miezi ilipita. Ndagala walipatikana, na Idi akainunua ile remorki. Siku moja akaja mtu mmoja, anaitwa Lambert, kuiazima abebe mbao. Idi alikuwa ziwani. Mwavita alitoka na minyororo mkononi, akafungua mlango wa kamionete ya Lambert, akakaa na kukanyaga pedali. Ikazama nusu.

"Papa Lambert, remorki sikupi."

"Mama, lakini ninakwenda pale chini tu!"

"Mama Célestine naye anaanika mihogo yake pale chini tu," Mwavita akamjibu. Akateremka, akamwekea kiti kivulini. "Kaa. Nitamwita Papa Télesphore, na mguu wa kukanyaga ninao."