Uliza Kwanza, Nyundo

Ukumbi wa leseni ulifurika siku hiyo, na kila aliyekuwa ndani alikuwa na la kusema. Wengine waligombana na foleni, wengine na makarani, na waliokosa wa kugombana naye waligombana na simu zao. Mtoto mchanga alikuwa akilia mgongoni mwa mama yake tangu mlango ulipofunguliwa. Katikati ya zogo hilo alisimama kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu yenye madoa ya rangi za magari ya watu, mfuko wake wa nyuma umetuna kwa nyundo ndogo aliyosahau kuiacha kazini. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Gereji nzima ilimwita Nyundo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki la dada yake peke yake, naye alilitumia akikasirika tu.

Foleni ikasukumana. Nyundo akageuka kumpisha mzee mmoja, na nyundo ya mfukoni ikagonga kikapu cha mwanamke aliyesimama nyuma yake.

Kikapu kikaimba.

Ilitoka sauti nene, ya taratibu, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Ikaenea ukumbini na kukataa kuisha. Karani akainua kichwa, kalamu ikabaki hewani. Mtoto akanyamaza. Kwa Nyundo, aliyezoea chuma kupiga kelele asubuhi hadi jioni, ilikuwa mara ya kwanza kusikia chuma kikimbembeleza.

"Samahani sana, dada yangu," alisema. "Nimekuvunjia nini?"

"Hujavunja kitu. Umeligonga vizuri kuliko wanafunzi wangu."

"Ni sufuria?"

"Ukiliita sufuria tena nakuitia askari." Alisema hivyo huku anacheka, na kicheko chake kilikuwa na kishimo kimoja tu, shavu la kushoto. Alivaa gauni la kijani la maua madogo, kilemba cheupe na raba nyeupe. Mikononi hakuwa na bangili wala pete, wala saa. Akafunua kikapu na kumwonyesha bakuli pana, la rangi ya asali, pamoja na mchi mfupi wa mbao uliovishwa ngozi. "Hili ni bakuli la kuimba. Asili yake milima ya Tibet. Watu wanakuja kwangu, wanajilaza kwenye mikeka, wanafumba macho, mimi napiga, wao wanapumzika."

"Wanakuja kwako kulala?"

"Wanakuja kupumzika. Usingizi wanauleta wenyewe."

Nyundo hakuwa mtu wa kumweleza mgeni shida zake, lakini ulimi ulimponyoka. "Mimi masikio yangu yanagonga hata nikiwa kitandani. Usingizi nausikia kwa majirani."

Yule mwanamke akamtazama, safari hii bila utani. "Basi njoo Jumamosi, orofa ya pili, juu ya duka la miwani. Na hiyo nyundo iache nyumbani."

Jumamosi alifika amenyoa, amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi na dada yake kwa maswali mengi. Chumba kilikuwa na mapazia mazito ya rangi ya kahawia, mikeka imepangwa kama samaki sokoni, na mbele yake mabakuli madogo kwa makubwa, kila moja limekalishwa juu ya kata ya kitambaa. Sheria ilikuwa moja: bakuli likiimba, hakuna kusema neno mpaka sauti iishe kabisa. Nyundo alilala chali akijiambia kwamba atavumilia kwa heshima. Sauti ya lile bakuli kubwa ilimpitia mgongoni, ikamshika mabega, ikayaacha. Alipoamka, chumba kilikuwa kimebaki na mtu mmoja, naye amekaa ameshika tama akimtazama.

"Nimesinzia?"

"Umekoroma mpaka mama mmoja amehama mkeka."

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na ile ya baada yake, halafu hata siku zisizo Jumamosi. Alianza kumwita Bi Bakuli. Simu zikawa za mchana, Nyundo amejikunja chini ya gari, nyundo za wenzake zikilia pande zote.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nanyoosha mlango. Gari limeparamia nguzo."

"Na nguzo imepona?"

"Nguzo haijaja gereji bado."

"Nyundo wewe! Umekula?"

"Nitakula nikishakusikia."

"Basi umenisikia. Nenda kale."

Bi Bakuli alimfundisha kuuzungusha mchi ukingoni ili bakuli liimbe bila kugongwa. Nyundo alishindwa vibaya. Alikandamiza, akaharakisha, na bakuli likapiga yowe kama breki zilizokwisha.

"Unaliamrisha," Bi Bakuli alimwambia, akiuweka mkono wake juu ya ule wa Nyundo. "Liombe, halafu subiri."

"Nikisubiri lisipoimba?"

"Utakuwa umesubiri na mimi. Hasara iko wapi?"

Hakukuwa na hasara. Nyundo alikuwa amependa, na alijua hivyo kama anavyojua gari lililogongwa hata likipakwa rangi mpya.

Sasa, lile bakuli kubwa lilikuwa na bonde ubavuni, limebonyea kiasi cha kidole gumba. "Lilianguka ngazini zamani, mikononi mwa shangazi yangu," Bi Bakuli aliwahi kusema huku akilifuta kwa kitambaa. "Yeye ndiye aliyenilea. Yeye ndiye aliyenifundisha." Akaendelea kufuta. Mtu mwingine angelisikia hilo neno shangazi. Nyundo alisikia bonde. Tangu siku hiyo, kila akilala mkekani jicho lake moja lilikuwa kwenye bonde hilo, na vidole vikimwasha.

Bi Bakuli aliposafiri kwenda kumuuguza binamu yake, alimwachia ufunguo ili arekebishe dirisha lililogoma kufungika. Dirisha halikumaliza saa. Baada ya hapo Nyundo alilifunga bakuli kwenye taulo kama mtoto, akaenda nalo gereji. Alifanya kazi kwa upole ambao magari hayakuwahi kuupata: gogo laini kwa ndani, nyundo ya mpira kwa nje, pigo dogo, papasa, pigo dogo, papasa. Bonde likaondoka lote. Akalisugua mpaka akaona meno yake mwenyewe yakichekelea ubavuni mwa bakuli. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, masikini, na alilifungia utepe mwekundu.

Siku ya kurudi, Bi Bakuli alipanda ngazi na begi bado begani, amevaa blauzi ya njano na uchovu wa safari. Nyundo alimfunika macho kwa viganja, akamsogeza mbele ya bakuli, akaondoa mikono.

"Haya, tazama!"

Bi Bakuli alitazama. Alipitisha kidole ubavuni, akarudi, akapitisha tena, kama anayetafuta mlango ukutani. Akachukua mchi, akagonga.

Sauti ilitoka safi na imara, ikaenda moja kwa moja mpaka ikafifia. Haikupanda wala kushuka. Nyundo, ambaye alikuwa bado anatabasamu, alihisi tabasamu likimganda usoni.

"Kwa nini halifanyi vile?" aliuliza sauti ilipoisha.

"Kwa sababu lile bonde ndilo lililokuwa likifanya vile." Bi Bakuli aliongea polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Siku alipoliangusha, shangazi alilia. Halafu akaligonga, akakuta linapumua. Akaniambia, 'Sikiliza, limejifunza kupumua.' Alipofariki, hiyo ndiyo pumzi yake iliyonibakia. Nilikuwa nikilipiga asubuhi kabla sijaongea na mtu."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Mpenzi, nilitaka kukufurahisha. Niliona limeumia, nikasema..."

"Najua ulichosema. Naomba uende, Nyundo. Ufunguo uache mezani."

Alishuka ngazi bila kuziona. Kesho yake alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akatuma ujumbe wa kuomba msamaha, ukafuatwa na mwingine wa kuomba msamaha kwa ajili ya urefu wa ule wa kwanza. Kimya. Gereji aliunyoosha mlango ambao haukuwa umebonyea, akafukuzwa akapumzike. Masikio yakarudia kugonga.

Dada yake alikuwa mshonaji. Alisikiliza hadithi yote bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ulimuuliza kabla ya kulichukua?"

"Nilitaka iwe furaha ya ghafla, dada."

"Sijauliza ulitaka nini. Nimeuliza kama ulimuuliza."

Nyundo akainamisha kichwa.

"Na mimi uliwahi kuning'olea rafu jikoni ukaniwekea mpya," dada aliendelea. "Ndefu kama wewe. Mpaka leo napanda kiti kuchukua chumvi. Mikono yako ina upendo, mdogo wangu, lakini haina subira."

Kwa uchungu Nyundo alitoa simu na kugusa kitu alichokuwa anakikwepa tangu siku ile. Sauti nene ikajaa chumbani, ikapanda, ikashuka, ikapanda. Dada aliacha cherehani. Alikaa mkono kifuani mpaka ikaisha.

"Hiyo ni nini?"

"Ni lenyewe. Nilirekodi Jumamosi moja, iwe inanisaidia kulala. Tangu nilipolikosea sijaweza kuisikiliza."

"Na yeye anajua kwamba unayo?"

Nyundo akaitazama simu. Mara tatu alitaka kutuma ile sauti, mara tatu akajizuia. Mwishowe akaandika: *Sauti ya shangazi ninayo kwenye simu. Sitaituma mpaka uniambie niitume. Naomba kuuliza: unaitaka?*

Jibu lilikuja asubuhi. *Njoo nayo mwenyewe. Bila nyundo.*

Bi Bakuli alimfungulia akiwa amevaa gauni lile la kijani la siku ya kwanza. Macho yalikuwa yamevimba. Walikaa mkekani bila kugusana, simu katikati, na Nyundo hakuiwasha mpaka yeye alipotikisa kichwa kukubali. Bakuli likapumua tena chumbani mle. Machozi yalimtiririka Bi Bakuli bila kuyafuta. Kisha, katikati ya sauti ile tukufu, ukasikika mngurumo mwingine, mzito, unaokwaruza.

Waliheshimu sheria mpaka mwisho, kila mmoja akiuma midomo.

"Na huyo anayekoroma pembeni ya shangazi yangu ni nani?" Bi Bakuli aliuliza.

"Ni... mgonjwa wako."

Akaangua kicheko, kikachanganyika na kilio mpaka yeye mwenyewe hakujua kipi kilianza. Ghafla akamkazia macho. "Na kurekodi, je? Uliniuliza?"

"Hapana," Nyundo alikiri kwa sauti ndogo.

"Nyundo!"

"Nisamehe hili pia. Nimekukosea, Bi Bakuli. Nilichukua kitu chako nikakipima kwa jicho langu." Akalionyesha bakuli. "Naweza kulibonyeza tena. Vidole vyangu vinakumbuka bonde lilivyokuwa. Lakini nakwambia kweli, halitakuwa lile, litakuwa bonde langu tu. Ukisema nifanye, nitafanya. Ukisema niache, siligusi maisha yangu yote."

Bi Bakuli alilipakata bakuli. Kitambo kizima alipapasa pale palipokuwa na bonde.

"Liache," alisema. "Sauti yake nitaisikia humo kwenye simu, pamoja na mkoromo. Hili limeshapita mikononi mwa watu wawili ninaowapenda, na wote wawili walilifanyia ajali."

Nyundo alisikia moyo wake ukigonga kuliko gereji. "Umesema unaowapenda? Wawili?"

"Masikio yako yamepona, naona."

"Basi nina swali jingine. Sina pete." Akaonyesha viganja vitupu. "Nilitaka kununua, nikasimama mlangoni mwa duka nikageuka. Nimekuona tangu siku ya kwanza huvai kitu mkononi kwa sababu ya mabakuli. Sijui kama utataka pete, wala kama utanitaka mimi. Ndiyo maana nauliza kwanza. Utakubali nikuoe?"

Bi Bakuli alimkabidhi mchi. "Liimbishe."

Nyundo aliuweka mchi ukingoni. Hakukandamiza. Aliuzungusha taratibu, bakuli kimya, akazungusha, bakuli bado kimya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na haraka ya kulimaliza jambo. Kisha kitu kikatetemeka chini ya vidole. Sauti ikainuka, mpya, imenyooka, ikakijaza chumba mpaka dirisha alilolitengeneza likaitikia. Akaondoa mchi. Sheria ilikuwa sheria. Walikaa wakitazamana, Nyundo anaomba iishe apewe jibu, na anaomba isiishe kama jibu ni baya, nayo ikaenda, ikaenda, ikapungua, ikawa uzi, ikawa hakuna.

"Pete iwe nyembamba," alisema Bi Bakuli. "Na mkono wa kushoto. Wa kulia unashika mchi."