Kishungi Kisogoni

Asubuhi hiyo kinyozi alipoinama kuzoa nywele za jana, alizikuta zina joto. Rundo zima, pale pembeni alipoliacha, lilikuwa na joto kama kiota ambacho kuku ametoka sasa hivi. Akajiambia ni jua. Lakini mlango ndio kwanza alikuwa anaufungua, na duka lile halikuwa na dirisha.

Kisha ikaja harufu ya mkate wa moto. Kinyozi akaketi kwenye benchi la wateja, kwa sababu mwokaji wa mtaa ule alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekufa.

Tuseme ukweli mapema, maana hadithi ya jini isiyosema ukweli ni porojo. Kinyozi alikuwa mtu wa Juu, na wanajeshi waliokalia mji ule walikuwa watu wa Juu. Yeye aliishi na watu wa Chini, akaoa kwao, akawanyoa, akalia kwenye misiba yao. Vita vya Juu na Chini vilianza kabla hajazaliwa, naye alivizoea kama mtu anavyozoea jino bovu, mpaka siku mdogo wake wa tumbo moja alipotoroka jeshini akakamatwa. Ofisa mmoja, mpole wa maneno, akamwita.

"Wewe unawajua wanaoficha silaha," alimwambia. "Tuonyeshe, na mdogo wako ataendelea kula."

Mpango ulikuwa rahisi. Kinyozi angeacha kishungi kidogo cha nywele kisogoni, chini kabisa, mahali ambapo mwenyewe hajioni. Pale kwenye kizuizi cha darajani, askari wangetazama visogo.

Wa kwanza alikuwa mwokaji, ambaye kweli alificha risasi kwenye magunia ya unga. Alipapasa shingo yake akasema, "Fundi, hapa nyuma umeniachia."

"Ndio mtindo wa sasa, bwana. Au unataka kuzeeka kabla ya siku zako?"

Wakacheka wote wawili. Mwokaji akaenda zake, na hakurudi.

Tangu siku ya zile nywele za joto, kiti cha kunyolea kilianza kulia chenyewe na kushuka, kama kimekaliwa na mtu mzito. Harufu ya mkate ikawa inamfuata kinyozi mpaka nyumbani. Na kilichomtisha kuliko vyote ni mkono. Alikuwa anamnyoa mwalimu, mtu asiyejua hata bunduki inashikiwa wapi, na mashine ikaruka kisogoni. Alikuwa anamnyoa muuza mkaa, ikaruka tena. Wote wawili wakachukuliwa, na ofisa akatuma salamu kwamba mdogo mtu amehamishiwa chumba chenye dirisha.

"Mume wangu, mbona unanukia mkate?" mkewe alimuuliza. "Na umekonda. Una nini?"

"Mkono wangu una jini," kinyozi alinong'ona. "Unafanya nisiyoyataka."

Mke akaenda kumleta mganga, mwanamke mnene mwenye mafua, ambaye aliingia dukani mchana kweupe, akafunga mlango, akamtuma mke maji.

"Kinyozi hajinyoi," alisema huku akiwasha ubani. "Ndio maana nimeitwa. Kaa hapo chini."

Kiti kikashuka polepole, kikilia. Harufu ya mkate ikajaa duka, ikawa nzito, ikawa ya mkate unaoungua, na kinyozi akahisi ulimi wake unageuzwa mdomoni na sauti ya mwokaji inapanda kooni mwake bila ruhusa yake.

"Nani wewe?" mganga aliuliza.

"Mpita njia. Marehemu amepumzika, mimi nimeazima sauti tu. Nilisikia harufu ya woga, nikaifuata."

"Basi uache mkono wa mtu!"

Jini akacheka taratibu, kama mtu aliyesingiziwa. "Mkono? Mama, mimi nakaa kitini, natazama. Mkono wake sijaugusa hata siku moja."

Mganga akamtazama kinyozi kwa muda. Akapiga chafya, akaendelea kusoma yake kwa sauti ya juu mpaka kiti kikapanda na harufu ikakatika.

"Jini nimemtoa," alisema chini chini, akikusanya vitu vyake. "Hilo lingine si la ubani. Kaseme kwa wenyewe."

Mke aliporudi na ndoo, akaambiwa mumewe amepona. Alimshukuru mganga huku akilia.

Kesho yake ofisa alipita mapema, akasimama mlangoni. "Kimya siku hizi," alisema. "Na kile chumba chenye dirisha kina foleni."

Baada yake akaingia shemeji. Huyu ndiye aliyemlea mke wa kinyozi walipofiwa na wazazi, na ndiye aliyeuambia ukoo mzima, "Dada yangu anaolewa na mtu, haolewi na Juu." Alikuwa anavuka daraja kwenda hospitali kumchukua mkewe aliyejifungua.

"Ninyoe vizuri, shemeji. Mtoto asije akaogopa sura ya baba yake!"

Duka lilikuwa limetulia. Kinyozi alianza mbele, akaenda pembeni, mkono wake mwepesi, wa kwake mwenyewe tangu kuzaliwa, na alingoja kwa hamu kitu chochote kije kiushike, sauti, harufu, baridi, alimngoja yule jini kama mgonjwa anavyomngoja daktari, lakini hakikuja kitu, na mashine ilipofika kisogoni aliinyanyua mwenyewe.

"Asante, shemeji. Jioni njooni mumwone mtoto."

Barabara ya kwenda darajani ilikuwa nyoofu. Shemeji alitembea bila haraka, akisalimia watu. Kinyozi alisimama mlangoni. Angeita hata kwa sauti ya kawaida, angesikika. Alifungua mdomo, na hapakuwa na kitu chochote kilichomziba, naye akatazama tu mpaka askari walipomgeuza yule mtu wamwone shingo.