Kifua Si Cherehani

Nyumbani kwetu siku huanza na sauti ya cherehani. Mama anashona, mimi natia vifungo. Mdogo wangu, tunayemwita Mshale, hufagia vipande vya nguo, kisha huondoka mbio kwenda shule. Hajui kutembea. Ukimtuma chumvi, anarudi kabla maji hayajachemka.

Mwaka huu alichaguliwa kukimbia wa mwisho katika mbio za kupokezana vijiti. Nafasi hiyo hupewa aliye mwepesi kuliko wote. Mama alimshonea koti jekundu la mazoezi. Akalionyesha kwa kila mteja, hata aliyekuja kuulizia zipu tu.

Lakini kila baada ya mazoezi Mshale alirudi anakohoa. Kifua kilimbana na kupiga mluzi. Asubuhi za baridi hali ilizidi. Zamani kidogo, zahanati walisema ni pumu inayoamshwa na mazoezi. Wakampa kichupa cha bluu cha dawa ya kuvuta. Mama akakifungia kabatini.

"Akikizoea hiki, hatakiacha maisha," alisema.

Badala yake alinunua vidonge vya mafuta ya samaki. Muuzaji alimwambia vinasaidia kifua. Mama akawaza kifundi. Cherehani ikilia, unaitia mafuta palepale inapolia. Basi kila jioni alitoboa kidonge kwa sindano, akampaka Mshale mafuta kifuani.

"Mama, nanuka! Leo paka amenifuata mpaka darasani. Sasa wananiita Dagaa."

"Dagaa anayeshinda mbio ni dagaa mzuri. Inua mkono."

Wiki ya mashindano ilipokaribia, Mshale alikaa chini katikati ya uwanja, hoi, pumzi haitoki. Kocha alileta ujumbe: asipopata nafuu, kijiti kitapewa mwingine. Siku hiyo Mshale aliingia ndani anatembea. Mama akasimamisha cherehani.

Jioni jirani yetu, nesi, alikuja kupunguziwa gauni la kazini. Alisimama mlangoni akinusa.

"Shoga, siku hizi unashona samaki?"

Mama akamweleza huku akilibana gauni kwa pini mwilini mwake. Nesi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tulia, pini zitakuchoma," Mama alisema. Kisha sauti ikamshuka. "Mwenzangu, wanataka kumtoa mtoto."

Nesi akaacha kucheka, akakaa.

"Kifua si cherehani, shoga. Mtu akikimbia, anavuta hewa nyingi, kavu na ya baridi. Kwa mwenye pumu, njia za hewa zinajibana. Mafuta ya kupaka juu ya ngozi hayafiki huko."

"Na akiyameza?"

"Watafiti wamejaribu. Wanamichezo wengine wenye pumu walipata nafuu, wengine hawakuona tofauti. Anaweza kuyatumia daktari akikubali, lakini hayachukui nafasi ya dawa. Kile kichupa kiko wapi?"

Mama aliangalia chini. "Kabatini. Niliogopa atazoea."

"Mimi nimezoea miwani. Nimeharibika?"

Hapo hata Mama alicheka. Lakini kichupa kilipotolewa, tarehe yake ilikuwa imepita.

"Kesho mrudi zahanati," nesi alisema. "Na mkumbuke: akivuta dawa na bado pumzi haitoki, au akishindwa kuzungumza, msingoje. Mkimbizeni hospitali."

Kesho yake daktari alimpima Mshale, akamkimbiza uani, akampima tena. Alimpa kichupa kipya na kumfundisha kuvuta taratibu na kubana pumzi kidogo. Alimwagiza avute robo saa kabla ya mbio, kisha apashe mwili joto polepole. Kuhusu vidonge alisema, "Mkitaka, anaweza kuvimeza. Vimebaki vya kutosha?"

"Vilivyobaki vinamtosha paka," Mshale alijibu.

Tuliporudi, Mama alikaa kwenye cherehani kabla hata ya kuvua viatu. Alishona mfuko wa bluu mbele ya koti jekundu, mahali pa kuonekana na kila mtu. Ndani akatia kichupa. Hakikufungiwa tena.

Siku ya mashindano Mshale alipokea kijiti akiwa wa nne. Mimi huwa sipazi sauti mbele ya watu. Siku ile nilipiga kelele mpaka koo likauma. Alimpita mmoja, akampita mwingine, na kwenye kamba akamshinda kwa kifua aliyekuwa akiongoza.

Watu walikimbilia kikombe. Mama alimkimbilia mtoto. Aliinama, akaweka sikio kifuani mwake, kama anavyosikiliza cherehani aliyomaliza kuitengeneza.

"Hakilii," alisema.

Kisha akainuka, akageukia watu wote.

"Huyu ni wangu! Na leo hajapakwa kitu!"

Mama mmoja alitusogelea na mwanawe aliyekuwa anakohoa. Aligusa ule mfuko wa bluu.

"Fundi, na mimi utanishonea lini kama huu?"