Abiria wa Kiti cha Nyuma

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo: kach! Ilikuwa ya mkanda wa kiti cha gari unapofungwa, na ilisikika katika dakika ya nne ya video, mahali ambapo haikuwa na kazi. Gia Tano aliirudisha nyuma, akaisikiliza mara tatu. Kisha akavua hedifoni na kumgeukia mkewe, aliyekuwa mezani akisahihisha madaftari ya hesabu.

"Umesikia?"

"Nisikie nini, na wewe ndiye uliyeziba masikio?"

"Mtu amefunga mkanda. Ndani ya gemu. Na gemu hili halina mikanda."

"Labda wameongeza," mkewe alisema bila kuinua kichwa. "Si juzi tu ulishangilia wiki nzima kwa sababu wameongeza wipa?"

Gia Tano ni jina alilopewa na watazamaji wake, ambao walikuwa mia nne na kidogo, wengi wao watu wa kubishana. Mchana alikuwa fundi miwani, mwenye duka jembamba lililojaa vioo. Kazi ikiisha alikuwa mtu wa magari. Aliazima gari la mtu, akaliendesha barabarani na kamera ndogo kifuani, kisha akarudi nyumbani na kulitengeneza lilelile, rangi kwa rangi, katika gemu lenye nchi nzima ndani yake, ambamo dereva huenda atakako bila kushindana na yeyote. Video zake zilikuwa na nusu mbili: kushoto gari la kweli, kulia gari la gemu. Ile sauti ilitoka kulia.

Gari la safari hii lilikuwa la Mama Mpima, mjane aliyekuja dukani kubadilishiwa vioo vya miwani. Marehemu mumewe alikuwa mpima barabara, na gari lake la bluu lilikuwa limekaa miaka tisa chini ya turubai, likiwashwa mara moja kwa mwezi lisife.

"Lichukue ukalipige hizo picha zako," mjane alimwambia. "Lifikishe mpaka kwako. Ukiegesha, acha mlango wa nyuma wazi, lipate hewa."

Gia Tano aliona bahati imemwangukia. Alifanya vilevile alivyoambiwa. Saa kumi alasiri aliliegesha mbele ya nyumba yake, akaacha mlango wa nyuma wazi, akaingia ndani kunywa maji. Alipolirudisha, Mama Mpima alichungulia kiti cha nyuma kabla ya kupokea ufunguo, akashika kifua, akaanza kulia. Gia Tano alidhani ni kumbukumbu za mume, akaondoka kwa heshima.

Siku moja baada ya ile kach, sebule ilianza kunuka. Haikuwa harufu ya kitu kilichooza. Ilikuwa ya tope la chini ya maji, tope ambalo halijawahi kuona jua. Mke alifungua madirisha, akavuta viti, akakuta kochi lililo nyuma ya kiti cha gemu limelowa chapachapa. Akamwita binti yao wa miaka sita, ambaye kwa jinsi alivyosema tangu kuamka hadi kulala, walimwita Kinanda.

"Umekojoa hapa?"

"Si mimi, mama. Ni yule mama mwingine. Nguo zake hazikauki."

"Mama gani tena?"

"Anayekaa nyuma ya baba akiwa anaendesha."

Mke alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa Kinanda, mtoto ambaye hajui kusema ila kwa kupiga kelele, alikuwa ananong'ona.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, Gia Tano alikaa tena kwenye usukani wake wa plastiki. Kinanda alikuwa amejilaza kwenye kochi lililokwisha kaushwa. Gari la bluu lilishuka kilima ambacho Gia Tano alikijua kama ngazi za nyumbani kwake, na chini, mahali ambapo siku zote palikuwa na ukuta wa mawe, safari hii palikuwa na barabara. Ramani haikuionyesha. Ilikuwa ya vumbi, yenye vigingi vyeupe huku na huku.

"Kulia hapo," sauti ya kike ikasema masikioni mwake.

Mikono yake ilikata kulia kabla hajaamua lolote, na gari likaingia kwenye vumbi, likaenda na kuenda, vigingi vikipita kimoja baada ya kimoja, na nyuma ya shingo yake akasikia maji yakidondoka kwenye sakafu, tone, kisha tone, akataka kugeuka na shingo ikakataa, akataka kuita mkewe na ulimi ukamkauka, hata akakumbuka kuwa ana mguu, na mguu una breki, akaikanyaga kwa nguvu zake zote.

Gari likasimama. Kinanda akainuka kochini na kuanza kutembea.

Alizunguka meza, akaenda jikoni, akagusa mlango wa mbele, akarudi, akazunguka meza tena.

"Kaa, mwanangu," mama yake alisema.

"Bado hatujafika."

"Tunakwenda wapi?"

"Bado hatujafika."

Walimkamata, na miguu yake ikaendelea kutembea hewani, ikiwapiga mapajani kwa nguvu ambazo si za mtoto wa miaka sita. Walipomshusha aliendelea na mzunguko wake. Alitembea saa nzima, kisha nyingine. Nyayo zake zikaanza kuchubuka, akaacha alama nyekundu kwenye vigae, na hakulia, hilo ndilo lililowatia baridi zaidi, hakulia hata kidogo. Mwishowe Gia Tano, kwa kutojua la kufanya, alirudi kwenye usukani na kuliondoa gari. Mara hiyohiyo Kinanda akaketi kwenye kochi. Akaweka mikono mapajani, akatazama mbele kama abiria.

"Usisimame," mkewe alinong'ona. "Kwa hisani yako, usisimame."

Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyogeuka kuwa gari. Walipokezana usukani zamu kwa zamu. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akiliita gemu lile ugonjwa wa wanaume, alijifunza kukata kona huku machozi yakimshuka. Alipogonga mti, Kinanda alisimama. Aliporudisha gari barabarani, Kinanda aliketi. Walijaribu kuweka pasi juu ya pedali ili wapumzike kidogo, gari likaacha njia likatumbukia mtaroni, na mtoto akazunguka meza mara kumi na tano kabla hawajalitoa. Walimpeleka hospitali kwa kigari chao cheupe. Njiani alitulia tuli, lakini kila waliposimama kwenye taa nyekundu alipiga mlango mateke. Daktari alimwona akizunguka chumba cha uchunguzi, akamfunga bendeji miguuni, akasema apumzike.

"Apumzike," mke alirudia walipotoka nje, na ilikuwa nusura acheke.

Siku ya tatu mke alimwita shangazi yake. Mwanamke huyo alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, mwenye vidole vyeusi kwa oili, na alirithi kwa mama yake kazi ya kusema na majini, kazi asiyoipenda hata kidogo. Aliingia, akanusa, akatazama kochi.

"Simamisha gari," alimwambia Gia Tano.

"Shangazi, nikisimama ata..."

"Nimekuja kuangalia video? Simamisha."

Gari lilisimama, Kinanda akainuka. Shangazi hakumshika. Alianza kutembea naye bega kwa bega, kuzunguka meza, jikoni, mlangoni, kama watu wawili waliokutana njiani.

"Unakwenda wapi, mwenzangu?"

"Kwangu." Sauti haikuwa ya Kinanda. Ilikuwa ya mtu mzima, na ilikuwa imechoka.

"Kwako ni wapi?"

"Kwenye kiziwa chini ya kilima. Akaja mtu mwenye kamba na vigingi. Wakanijazia mawe, wakapitisha barabara juu yangu. Nikamtokea njiani. Akatetemeka, akasema, panda, nitakufikisha kwenye maji mengine. Nikapanda. Moyo wake ukasimama kabla hatujafika."

"Pole. Na huyu mtoto?"

"Miaka tisa nimeketi garini. Kisha huyu mwanamume akanifungulia mlango. Anaendesha, anaendesha, hanifikishi. Nikachukua miguu." Kinanda alitazama bendeji zake kana kwamba anatazama viatu vya mtu. "Hii ikiisha, nitachukua mingine."

Mke alikaa sakafuni. Shangazi akamgeukia Gia Tano, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hili halitoki kwa moshi wala kwa maneno yangu. Limeahidiwa. Ni nani aliyekupa gari?"

Gia Tano alimwachia mkewe usukani, akakimbilia kwa Mama Mpima. Alimkuta kibarazani amekaa, amevaa viatu, kama anayesubiri kuitwa.

"Ulikuwa unajua," Gia Tano alisema.

"Nilikuwa najua. Mume wangu alinipigia simu kutoka njiani, akaniambia amembeba nani. Saa moja baadaye nikaitwa kumtambua." Alivuta pumzi. "Miaka tisa, mwanangu, kitu kinagonga kioo cha gari kutoka ndani. Nikiwa napika kinagonga. Nikiwa na wageni kinagonga, nawaambia ni bati la jirani."

"Ukanipa mimi."

"Nikakupa wewe."

"Nina mtoto!"

"Najua. Niliona kiatu chake dukani kwako." Mjane hakukwepa macho yake. "Niliona, na bado nikakupa. Nitukane tu."

Gia Tano hakumtukana. Alikumbuka alama nyekundu kwenye vigae, akasema, "Twende." Mama Mpima alisimama na kuchukua ufunguo uliokuwa tayari kwenye mfuko wa gauni.

Alilileta gari la bluu mwenyewe, akaliegesha mbele ya nyumba, akafungua mlango wa nyuma na kuuacha wazi. Aliingia sebuleni, akapiga magoti mbele ya Kinanda, aliyekuwa ameketi mikono mapajani, huku mke akiendesha na kunong'ona hesabu za kujikaza. Shangazi akamwambia mke asimamishe. Mtoto akasimama.

"Ahadi ya mume wangu ni yangu," Mama Mpima alisema. "Panda. Nitakufikisha mimi."

Kinanda alianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba, mama yake akamdaka. Na kwenye vigae, kutoka pale alipokuwa amesimama mtoto, nyayo za maji zikaanza kutokea, kubwa, ndefu, moja kisha nyingine, zikavuka sebule bila mtu juu yake, zikapita karibu na Gia Tano kiasi kwamba suruali yake ililowa, zikashuka ngazi za mbele, na huko nje gari la bluu likainama upande mmoja, kama linavyoinama gari likipakiwa mtu mzito, kisha mlango wa nyuma ukajifunga taratibu.

"Kuna bwawa nyuma ya machimbo ya kokoto," Mama Mpima alisema akitoka.

"Usimtazame kwenye kioo," shangazi alimwambia. "Hata akikuita kwa sauti ya mumeo."

Gia Tano aliwafuata kwa kigari chake cheupe. Alijiambia ni kwa ajili ya usalama wa mjane. Ukweli ni kwamba alitaka kuona kwa macho yake kitu kile kikiondoka. Kwenye machimbo malori mawili yalimzuia, na alipofika bwawani, jua bado likiwaka, gari la bluu lilikuwa limesimama ukingoni, milango yote minne wazi, injini inanguruma. Maji yalikuwa yametulia kama kioo cha dukani kwake. Mama Mpima alikuwa ameketi juu ya ukuta wa zege, amempa mgongo.

"Ameshuka?" Gia Tano aliuliza kwa mbali.

"Ameshuka," alijibu.

Simu ikaita. Mkewe alikuwa analia na kucheka pamoja. Kinanda ameamka, analalamika miguu inauma, ameomba chakula, anasema bila kunyamaza. Gia Tano aliinamia boneti, akalia kama mtoto mdogo. Kisha alizima injini ya gari la bluu na kuliacha palepale. Alimshika mjane mkono, akamkalisha kwenye kigari chake, kiti cha mbele.

Njia nzima alikuwa yeye tu anayesema. Alimwambia amemsamehe, na wakati anasema aligundua kuwa ni kweli. Alimwambia ataacha mambo ya magari, au angalau ataacha ya kuazima. Mama Mpima alitazama maduka, nguzo za umeme, watoto wa shule, akivigeukia kimoja kimoja hadi vipotee nyuma.

Gia Tano alisimama mbele ya nyumba ambayo mwanamke huyo ameishi miaka thelathini na miwili. Kandambili zake zilikuwa kibarazani. Dirishani pazia alilolishona mwenyewe lilikuwa linapepea.

"Haya, mama. Tumefika."

Hakushuka. Aliitazama nyumba kuanzia bati hadi ngazi, na kwenye pindo la gauni lake maji yakaanza kudondoka, tone, kisha tone.

"Pazuri," alisema. Kisha akamgeukia, kwa adabu yote ya mgeni, akauliza, "Anakaa nani hapa?"