Sahani ya Marehemu Filomena

Harufu ya vitunguu saumu vinavyokaangwa ilimpokea Concetta akiwa bado mlangoni, funguo mkononi. Aliingia jikoni akayagusa majiko yote kwa kiganja. Yalikuwa baridi. Akajiambia ni majirani, ingawa upande mmoja kulikuwa na kinyozi na upande wa pili duka la mishumaa ya kanisani.

Mkahawa huo wa Filadelfia ya kusini aliachiwa na mama yake, Filomena, aliyefariki kiangazi kile. Filomena alikuwa fundi wa sosi ya nyanya, ila ulimi wake ulikuwa mchungu kama shubiri. Miaka thelathini alimweka bintiye jikoni, na kila Jumapili alimwambia mbele za wateja kwamba mkono wake hauna ladha. Concetta aliapa mwanawe, Loredana, hatayapitia hayo. Msichana alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Boston. Kilichobaki ni kufunga mizigo tu.

Jana yake ilikuwa Siku ya Wafu. Siku hiyo, kwa desturi ya kwao Italia, marehemu huandaliwa sahani mezani, na hakuna wa nyumbani anayeigusa. Asubuhi hupewa maskini. Lakini wateja walijaa, Loredana alikuwa hajatia kitu tumboni, na Concetta, kwa chuki zake za siku nyingi, akamsogezea sahani ile.

"Kula, mwanangu."

"Mama! Si ya bibi hiyo?"

"Bibi yako ameshiba kututukana. Kula, nimesema."

Akala mpaka akaifuta sahani kwa mkate.

Sasa, Concetta akiwa ukumbini anapanga viti, alisikia mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, na harufu ile ikaja tena, nzito, imechanganyika na marashi ya waridi waliyomzika nayo mama yake, na alipousukuma mlango wa jikoni akamwona Loredana, msichana asiyejua hata kuchemsha yai, amejifunga aproni ya bibi yake, mgongo umepinda, anakoroga sosi bila kutazama, huku akiguna kama Filomena alivyokuwa akiguna magoti yakimuuma.

Concetta alimpigia simu mama yake mdogo, Assunta, aliyejua dua za mafuta na maji za kuondoa kijicho. Assunta alifika, akatia matone ya mafuta ya zeituni kwenye bakuli la maji, akanong'ona, akatazama. Akalisukuma bakuli kando.

"Conce', umemlisha nini mtoto?"

"Sahani ya mama. Nilikuwa na hasira tu, mama mdogo."

"Pumbavu wewe! Mimi natoa kijicho. Mama yako hakuja kwa kijicho, umemkaribisha wewe. Mwombe mwenyewe aondoke."

Mchana ukumbi ulifurika. Sahani zilirudi zimefutwa kwa mkate. Mzee Petruzzi, mteja wa miaka yote, alisimama na leso shingoni huku akilia machozi. "Filomena amerudi!" alipaza sauti, na watu wakapiga makofi.

Jikoni Concetta alipiga magoti sakafuni. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi.

"Mama, mwachie mtoto aende zake. Nichukue mimi. Nitapika humu mpaka nife, sitalalamika."

Mwiko ukasimama. Loredana aligeuka polepole, akaisogelea sufuria ndogo ya sosi aliyoipika Concetta asubuhi ile, akachota, akaonja. Alikaa nayo mdomoni kitambo kirefu, na Concetta akaanza kutumaini.

Kisha akaitema kwenye sinki.

"Wewe?" ilisema sauti kavu ya Filomena, kwenye mdomo wa msichana wa miaka kumi na tisa. "Miaka yote ile nimekufundisha, na bado ni maji matupu."

Akaligeukia jiko.

"Usinikodolee macho. Lete nyanya."

Na Concetta akainuka, akaenda kuleta nyanya.